Kufunga nyumba ya matofali ya kuchoma ili isianguke tetemeko likipita: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila ardhi inapotikisika Kagera, maswali ni yale yale. Nipige plasta upya? Niongeze saruji kwenye msingi? Nibomoe nianze moja? Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, ya matofali ya kuchoma na paa la bati, anayetaka kuiimarisha bila kuibomoa.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Duniani kuna matetemeko makubwa kuliko hilo kila mwaka, lakini Bukoba na vijiji vya jirani maelfu ya nyumba yaliharibika, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Februari 2008 tetemeko la ukubwa huohuo lilikuwa limepiga Bukavu, Kongo, na ng'ambo yake, Rusizi, Rwanda. Wanaoishi kandokando ya Bonde la Ufa la Magharibi wasingoje kuambiwa kama litarudi.

Nadharia inayohitajika ni hii tu. Ukuta wa matofali unabeba uzito wa paa vizuri, lakini hauwezi kusukumwa kwa ubavu. Ardhi ikitikisika, kuta mbili zinazokutana kwenye kona zinacheza kila mmoja kivyake, kona inapasuka kuanzia juu, ukuta unabaki umesimama peke yake na unalala nje. Kinachoiokoa nyumba ni kufungwa: kona zishikwe, kuta zizungukwe na mkanda usiokatika wa wavu wa chuma ndani ya plasta, paa lishikwe na kuta. Plasta nzuri juu ya ukuta usiofungwa haisaidii kitu.

KABLA YA KUNUNUA CHOCHOTE: KAGUA

Usitumie mwongozo huu kwa nyumba ya ghorofa, nyumba iliyo ukingoni mwa mteremko unaomomonyoka, au nyumba ambayo msingi wake umetitia upande mmoja. Hizo mwite mhandisi wa halmashauri.

Shusha timazi kwenye kila ukuta, ndani na nje. Ukuta wa mita 2.5 ulioinama zaidi ya sentimita 3, au uliovimba katikati, haufungwi ulivyo. Unategemezwa kwa magogo, unabomolewa sehemu hiyo, unajengwa upya, kisha ndipo unafungwa pamoja na mingine.

Halafu tafuta kama nyumba ina lenta kweli, yaani mkanda wa zege unaozunguka kuta zote. Wengi hujibu "ipo" kwa sababu wanaona zege juu ya mlango. Mara nyingi hicho ni kipande tu, kinachoanzia sentimita 20 upande huu wa mlango na kuishia sentimita 20 upande wa pili. Usichungulie juu ya mlango. Nenda kwenye kona ya nyumba, usawa wa juu ya madirisha, chokonoa plasta kwa tindo upana wa kiganja. Ukikuta tofali, lenta haizunguki. Fanya hivyo kona zote nne.

Mwisho, pima milango na madirisha. Yaliyo karibu na kona kuliko sentimita 60 yanaidhoofisha kona. Ukuta ambao nusu ya urefu wake au zaidi ni matundu nao una tatizo. Ukuta mrefu kuliko mita 5 bila ukuta wa kati wa kuushikilia unahitaji kuongezewa nguzo ya matofali ya nje au ukuta wa kati. Andika hayo yote kwenye mchoro wa nyumba hata kama ni wa mkono.

MAHITAJI

Hesabu hii ni ya nyumba ya mita 8 kwa 6, ukuta mmoja wa kati, milango miwili, madirisha manne, kuta za sentimita 23, mkanda mmoja. Yako ikiwa kubwa, ongeza kwa uwiano.

- Wavu wa chuma uliochomelewa, wenye zinki, waya wa unene wa milimita 3, matundu ya sentimita 2.5 hadi 5. Ukipata roli la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 30, kata vipande vinne vya upana wa sentimita 30. Roli moja linatoa mita 120 za mkanda. Nyumba hii inahitaji maroli mawili.
- Saruji mifuko 30 hadi 32 ya kilo 50.
- Mchanga msafi wa plasta, mita za ujazo 3.5.
- Waya wa zinki wa milimita 3 kwa ajili ya vifungo vya kupita ukutani, mita 120. Vifungo vitakuwa takriban 250, kila kimoja sentimita 45.
- Waya mwembamba wa kufungia nondo, kilo chache.
- Kokoto kidogo kwa ajili ya miguu ya mikanda ya wima.
- Mbao za 2 kwa 4 na za 2 kwa 3 za kufungia paa, na misumari ya inchi 4.
- Tindo, nyundo, brashi ya waya, timazi, pima maji, mpira mwembamba unaoonyesha maji, drili ya nyundo yenye biti ndefu kuliko unene wa ukuta, mkasi wa kukatia waya, miwani, barakoa na glavu.

Wavu wa kufugia kuku hautoshi. Hili ndilo kosa linaloongoza, kwa sababu ni wa bei rahisi na ukishafunikwa na plasta hakuna anayeuona. Waya wake ni mwembamba na umesokotwa. Ukivutwa unanyooka, na ukuta unakuwa umeshafunguka kabla haujashika.

Mchanga upime hivi: jaza chupa ya plastiki hadi nusu, ongeza maji, tikisa, acha saa tatu. Tope likikaa juu ya mchanga kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, mchanga uoshwe au urudishwe.

HATUA

1. Anza na paa na pembetatu za ukuta.

Pembetatu ya matofali inayopanda hadi kwenye kilele cha paa ndiyo huanguka kwanza, na huanguka ama mlangoni ama kitandani. Njia bora ni kuiondoa. Simamisha jukwaa nje, tegemeza mbao za paa kwa ndani, toa matofali mstari mmoja mmoja kutoka juu hadi usawa wa kuta nyingine, halafu ziba kwa mbao na bati. Kazi hii watu wawili wanaimaliza kwa siku moja au mbili. Kama fedha ulizonazo ni za kitu kimoja tu, fanya hiki.

Baada ya hapo panda darini. Kila kenchi ifungwe kwenye mbao iliyolala juu ya ukuta kwa waya wa milimita 3 uliokunjwa mara mbili, upite juu ya kenchi na chini ya mbao, ukazwe kwa koleo. Mbao hiyo ya juu ya ukuta nayo ifungwe kwenye ukuta kila mita moja: toboa ukuta mistari mitano ya matofali chini yake, pitisha waya, funga. Kisha piga mbao za 2 kwa 3 za mshazari kutoka kona hadi kona kwenye usawa wa dari, zipigiliwe kila zinapopita kenchi. Bila mshazari, paa linajisukuma kama mstatili unaolala na kuzisukuma kuta.

2. Ziba matundu mabaya.

Dirisha lililo ndani ya sentimita 60 kutoka kona lizibwe kwa matofali na udongo wa saruji, sehemu 1 kwa 4. Usijenge kiziba chenye ncha zilizonyooka. Ng'oa nusu tofali kila mstari wa pili kwenye ukuta wa zamani ili tofali jipya liume ndani. Kiziba kisichouma hutoka kizima kizima.

3. Chora mistari.

Zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya tindo ya kwanza, hasa kama nyaya zimezikwa kwenye plasta.

Mkanda wa mlalo unapita juu tu ya milango na madirisha, nje na ndani, kuzunguka nyumba nzima na pande zote mbili za ukuta wa kati. Hamisha usawa kwa mpira wa maji, usiamini macho. Kama madirisha yako yana urefu tofauti, fuata lililo juu zaidi. Mkanda haupandi wala haushuki. Kutoka juu ya dirisha hadi mwisho wa ukuta kukizidi sentimita 60, ongeza mkanda wa pili chini ya paa, na roli la tatu la wavu pamoja na theluthi moja zaidi ya saruji.

Mikanda ya wima inakaa kwenye kila kona, ndani na nje, kwenye makutano ya ukuta wa kati, na pande mbili za kila mlango na dirisha. Chora upana wa sentimita 40: wavu ni 30, na plasta iuzidi sentimita 5 kila upande.

4. Bandua plasta.

Bandua ndani ya mistari tu. Kwangua udongo kati ya matofali kina cha sentimita 1.5, sugua kwa brashi ya waya, puliza vumbi. Chimba mwanzoni mwa kila mkanda wa wima hadi sentimita 30 chini ya sakafu, nje na ndani.

Usibandue kuta mbili zinazokutana kwa wakati mmoja, na usiache ukuta uliobanduliwa usiku wa mvua. Fanya upande mmoja, umalize, uhamie upande wa mkabala.

5. Toboa matundu ya vifungo.

Kila sentimita 45 katikati ya mkanda, kwa kupishana kidogo juu na chini. Toboa kwenye maungio ya udongo, si kwenye tofali. Kama ukuta umejengwa kwa udongo mtupu, usitumie mtikiso wa nyundo wa drili. Zungusha biti taratibu au tumia fimbo ya chuma iliyochongoka. Kwenye ukuta wa udongo msumari wa inchi 6 haushiki, hata fundi akisema unashika: unaingia kirahisi na utatoka kirahisi. Kifungo lazima kitokee upande wa pili.

6. Lowesha, piga mkono wa kwanza wa plasta.

Mwagia maji hadi tofali liache kuyanywa kwa haraka, lakini lisiwe linachuruzika. Changanya saruji ndoo 1, mchanga ndoo 3, uvikoroge vikiwa vikavu hadi rangi iwe moja, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Piga unene wa sentimita 1.2 hadi 1.5, uache uso wake ukiwa na mikwaruzo. Tengeneza unayoweza kuimaliza ndani ya saa moja. Udongo wa saruji ulioanza kukaza haufufuliwi kwa maji. Utaonekana laini, ila nguvu yake imekwisha.

7. Weka wavu.

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kusimama. Mkono wa kwanza ukishashika, weka wavu pande zote mbili za ukuta, pitisha waya wa kifungo, uuvute, ukunje kila ncha kuzunguka nyaya mbili za wavu, si moja. Wavu ulale umenyooka. Ukiwa na tumbo, tetemeko litaanza kwa kulinyoosha tumbo hilo kabla ya wavu kufanya kazi.

Kwenye kona ya nje, kunja wavu juu ya ubao wenye kona kali ili ugeuke kwa nyuzi tisini na kwenda angalau sentimita 30 kila upande. Mkanda wa mlalo upite kona bila kukatwa. Mapishano ya kipande na kipande yawe sentimita 30, yafungwe kwa waya mwembamba sehemu sita, na yakae mbali na kona kwa sentimita 60 au zaidi. Ukiruhusu kiungio kiangukie kwenye kona, umerudisha udhaifu uleule uliokuja kuuondoa.

Kwa ndani, ukuta wa kati utaukatiza mkanda. Kunja wavu uendelee juu ya ukuta wa kati, kisha toboa kwenye makutano na uuunganishe na wavu wa chumba cha pili kwa vifungo vitatu.

Mikanda ya wima ipite nyuma ya ile ya mlalo na ifungwe nayo kila zinapokutana. Miguu yake mwagia zege, saruji 1, mchanga 2, kokoto 4.

8. Piga mkono wa pili.

Ndani ya siku moja tangu mkono wa kwanza, lowesha tena, piga sentimita 2 kwa mchanganyiko uleule. Sukuma mwiko kwa nguvu ili udongo uingie nyuma ya waya. Waya wote ufunikwe kwa milimita 15 angalau. Unaoonekana leo utakuwa kutu baada ya masika mawili.

9. Nywesha.

Siku 10 kwa uchache, 14 ndiyo sahihi. Tundika magunia au viroba juu ya mikanda na uyaloweshe asubuhi, mchana na jioni. Watu hutumia mamilioni kwenye saruji kisha wakaionea uchovu ndoo ya maji. Usigonge, usitoboe wala kupaka rangi kabla ya hapo.

10. Funga vilivyomo ndani.

Kabati refu lipigiliwe ukutani kwa vyuma vya pembe viwili juu. Mtungi wa gesi ufungwe mnyororo. Tangi la maji lishushwe kutoka juu ya kuta. Lita 1,000 ni tani nzima juu ya kichwa chako. Kitanda kihamishwe mbali na ukuta wenye dirisha kubwa.

NYUFA ZA ZAMANI

Zirekebishwe kabla ya hatua ya 6. Ufa mwembamba kuliko milimita 5: panua mdomo wake uwe kama herufi V, osha, jaza udongo wa saruji 1 kwa 3. Ufa wa milimita 5 hadi 10: jaza, kisha weka kipande cha wavu pande zote mbili, kikiuvuka ufa kwa sentimita 15 kila upande. Ufa unaopitisha mkono hauzibwi. Sehemu hiyo ya ukuta inajengwa upya. Kuuziba kwa plasta ni kuuficha mbele ya mpangaji na watoto wako.

KAMA UKUTA NI WA MAWE AU WA UDONGO

Ukuta wa mawe mara nyingi ni kuta mbili nyembamba zenye vifusi katikati, na tetemeko huzitenganisha. Kabla ya mikanda, toboa kila mita moja, juu na upande, kwa kupishana, tundu la sentimita 8. Ng'oa mawe kwa mkono, usitikise. Weka nondo ya milimita 8 iliyokunjwa ndoano ncha zote mbili, jaza zege.

Ukuta wa matofali mabichi hauelewani na plasta nzito ya saruji, hubanduka. Kwa nyumba hizo kuna njia iliyoendelezwa na Profesa Kimiro Meguro wa Chuo Kikuu cha Tokyo: mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi na mizigo inasukwa kuwa wavu wenye miraba ya takriban sentimita 5, makutano yanayeyushwa pamoja kwa joto, wavu unafunika ukuta mzima ndani na nje na kufungwa kwa waya kupitia ukutani kila sentimita 30. Kisha unafunikwa kwa plasta ya udongo uliochanganywa na majani makavu. Usiuache wazi, jua huila plastiki. Ukuta bado utapasuka, lakini vipande vinabaki ndani ya wavu na watu wanapata nafasi ya kutoka.

UKIKUTANA NA HAYA

Plasta inalia kama kitu kitupu ukiigonga. Mkono wa pili haukuingia nyuma ya waya, au ukuta ulikuwa mkavu ukanywa maji yote. Kata sehemu hiyo, usikate waya, lowesha, rudia.

Nyufa nyembamba kama nywele zimejaa siku ya pili. Imekauka haraka mno. Funika kwa magunia mara moja na uendelee kunywesha. Zisipopanuka baada ya wiki mbili, paka uji wa saruji.

Tundu la kifungo linapanuka na udongo unamwagika. Simama. Jaza udongo wa saruji mlaini, sukuma kwa kijiti hadi utokee upande wa pili, acha siku mbili, toboa upya katikati yake.

Chini ya mkanda wa wima pana unyevu na madoa ya kahawia. Maji ya paa yanaanguka kwenye mguu wa ukuta. Weka mfereji wa paa au chimba mtaro mita moja kutoka ukutani, kisha fungua plasta uone kama waya umeliwa. Ulioliwa ukatwe, upishanishwe na mpya kwa sentimita 30.

Mbao ya juu ya ukuta imeoza au ina mchwa. Usifunge waya kwenye mbao mbovu. Tegemeza kenchi, badilisha kipande, paka dawa ya mchwa au oili chafu pande zote kabla ya kukilaza.

Fundi anasema mkanda wa nje unatosha, wa ndani ni kupoteza saruji. Ukuta ukisukumwa ndani, mkanda wa ndani ndio unaovutwa. Ukirudi nje, unaovutwa ni wa nje. Kama hela haitoshi kwa vyote, maliza mkanda wa mlalo pande zote mbili kwanza, na mikanda ya wima ifuate msimu ujao ikianzia kwenye kona.

Tetemeko dogo limepita na ufa wa mshazari umetokea kati ya mikanda. Mikanda imefanya kazi yake, ukuta umepasuka palipo wazi bila kufunguka kona. Kagua kona zote na vifungo vya kenchi. Kama vimeshika, ziba ufa kama ulivyoelekezwa juu. Kona ikiwa imeachana hata kwa upana wa msumari, lala nje mpaka mhandisi aione.